Bafu la Kuingia Peke Yako

Mwalimu akistaafu, watu humuuliza habari za wanafunzi wake. Daktari akistaafu, huombwa dawa. Mimi nimestaafu kazi ya kuchora mabafu ya majumbani, na jirani zangu hapa Jego hawajui waniulize nini, kwa hiyo huniuliza kwa nini vyoo vyao vinanuka. Nawajibu kwa adabu, kisha narudi ndani. Nyinyi wenzangu mliobaki ofisini ndio mlioniomba niandike, na kwa kuwa asubuhi zangu sasa ni ndefu, naandika. Habari za vyeo na mishahara nimeziacha. Vyeo vya ofisi yetu mnavijua, havijazi mstari mmoja.

Nilianzia Ukunda, kwa Bwana Athumani, ofisi ikiwa ghorofani juu ya duka la saruji na mabati. Nilikuwa nimetoka chuo cha ufundi karibuni, nina vyeti vyangu ndani ya bahasha ya kaki na kiburi kidogo cha kujua kuchora mistari iliyonyooka. Bwana Athumani alikuwa mchoraji wa majengo, mtu mwembamba, sauti ya chini, asiyeanza neno lolote la kazi kabla salamu hazijaisha, na salamu zake hazikuwa fupi. Tulipomaliza kujuliana hali, watu wa kwetu na wa kwao, hakufungua bahasha yangu. Alinichukua mpaka kwenye nyumba moja ya Diani iliyokuwa ikimaliziwa, akanionyesha bafu jipya la vigae vyeupe, akanipa ndoo ya maji, kata na kipande cha sabuni.

"Ingia, funga mlango," aliniambia. "Jipake sabuni usoni, ufumbe macho. Kisha uitafute kata, ujisuuze, utoke."

"Na nguo zangu, Bwana Athumani?"

"Kaa nazo. Nimesema uso."

Niliingia. Sabuni ilipoanza kuchoma macho nikapapasa kata, nikaikosa, nikaipiga ndoo teke. Vigae vilivyokuwa vikavu vikawa utelezi. Nikashika ukuta, ukuta hauna pa kushikwa. Hatimaye nikaukuta mlango, nikauvuta kwa nguvu, na kwa kuwa ulifunguka kwa ndani, ukaja ukanipiga kwenye paji la uso. Nilitoka nikiwa nimelowa mpaka viatu, na uvimbe juu ya nyusi.

"Umeona nini?" aliniuliza.

"Sikuona kitu. Nilikuwa nimefumba macho."

"Vizuri. Basi umeliona kama bibi yangu anavyoliona bafu la kwetu."

Akanieleza habari ya mlango. Mtu akianguka bafuni, mara nyingi huangukia nyuma ya mlango. Mlango ukifunguka kwa ndani, wanaokuja kumsaidia humsukuma yeye mwenyewe, na kadiri wanavyosukuma ndivyo wanavyomuumiza. Tangu siku hiyo kila mlango wa bafu niliouchora ulifunguka kwa nje, ama ulikuwa wa kuteleza. Mteja aliyeshikilia vingine nilimwomba kwa heshima atafute mchoraji mwingine, na wawili walifanya hivyo.

Miaka ile kila mtu alitaka bafu la hoteli. Mtu alikuwa amemsindikiza mgeni kwenye hoteli ya ufukweni, akaona beseni jeupe la kulalia, akarudi nyumbani na ndoto. Bwana Athumani alinifundisha nisimuulize mteja anataka bafu gani, maana atanieleza la watu wengine. Nimuulize nani huamka kwanza, nani humwogesha nani, leso hutundikwa wapi, na mtu akitawadha husimama ama huketi. Majibu hayo yakishapatikana, bafu huwa limejichora nusu. Mabeseni niliyoyachora mwanzoni kwa ajili ya waliosisitiza, mengi yao leo yamejaa maji ya akiba ya siku bomba linapokauka. Moja, upande wa Tiwi, nimelikuta limeoteshwa mchicha, mchicha mzuri kabisa.

Vyombo vyangu vilikuwa vichache. Futi kamba, pima maji, chaki, na gololi moja ya kioo ya kuchezea watoto. Mnacheka gololi, lakini mimi niliipenda kuliko pima maji. Sakafu ya bafu ikishatandikwa vigae, unaiweka gololi mlangoni na kuiacha. Ikielekea tundu la maji polepole, fundi amefanya kazi yake. Ikisimama katikati, hapo maji yatatuama na mtu atateleza. Ikija miguuni kwako, maji yatakwenda chumbani kulala. Mafundi huweza kubishana na mchoraji kutwa nzima, ila sijapata kumwona aliyebishana na gololi.

Na chaki ilikuwa ya kuchorea bafu chini, kwa ukubwa wake kamili, barazani ama uani kwa mteja, kabla tofali moja halijanunuliwa. Karatasi humdanganya kila mtu. Mchoro wa chini mtu huuingia na kuketi, akageuka, na kiwiko chake kikapita mstari.

Baadaye akaja Mutua, fundi bomba kutoka Machakos, mtu mkubwa wa mwili na mwepesi wa kicheko, ambaye Kiswahili chake kilimfanya Bwana Athumani afumbe macho kama mwenye jino bovu. Mutua ndiye aliyegundua kwamba vile vyuma vya kushikilia ukutani, vinavyong'aa, vya madukani, havidumu huku, hewa ya bahari huvila kwa ndani navyo vikiendelea kung'aa kwa nje. Tukahamia chuma cha pua kisichoshika kutu. Akagundua pia kuwa kuta zetu za mawe ya matumbawe hazishiki parafujo fupi. Mzee hushika chuma, chuma hung'oka na kipande cha ukuta, wote watatu wakaenda chini pamoja. Mutua akaanza kupitisha nondo ndefu mpaka upande wa pili wa ukuta na kuikaza kwa bamba. Kisha huning'inia hapo kwa uzito wake wote, miguu juu.

"Hii sasa iko sawa, Madam," alikuwa akisema, akiwa bado ananing'inia. "Ikinishika mimi, itashika mtu yeyote ya Kwale."

Bwana Athumani alikuwa akimrekebisha, mtu yeyote *wa* Kwale, na Mutua akishukuru na kusema vile vile siku ya pili.

Sasa nije kwenye kazi iliyonifunza kuliko zote. Mwenyewe Bi. Mwanatumu amenipa ruhusa ya kuiandika, pamoja na yale aliyonieleza faraghani. "Andika," aliniambia. "Kwani mimi ni wa kwanza?"

Ulikuwa mwezi wa Rajabu. Mwanawe, Hassani, alipanda ngazi za ofisi yetu akiwa amevaa shati lililopigwa pasi kwa uangalifu. Alikuwa mtu wa makamo, kazi yake kutoa mizigo ya watu bandarini Mombasa.

"Mama yangu ameanguka bafuni, kwake Msambweni," alisema. "Nyonga haikuvunjika, alhamdulillahi, lakini sasa hatembei bila mkongojo. Nimemwambia nimchukue kwangu, chumba kipo. Amekataa. Dada yangu Maimuna, anayekaa naye, amenisihi nije kwenu kwanza."

"Na wewe wasemaje?" Bwana Athumani alimuuliza.

"Nasema Ramadhani imkute kwangu. Mkinionyesha vingine nitasikiliza. Lakini sitaki siku nyingine nimkute mama yuko chini."

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na hofu, na hofu yake ilikuwa na sababu. Nikapewa kazi hiyo mimi.

Bi. Mwanatumu alikuwa mshonaji. Chumba cha mbele cha nyumba yake kilikuwa na cherehani ya miguu, sare za shule zikining'inia ukutani, na vitambaa mpaka chini ya kitanda cha kupumzikia. Nilimkuta akishona kwa mguu mmoja wa kushoto, wa kulia ameunyoosha kando, mkongojo umelala sakafuni.

"Shikamoo, Bi. Mwanatumu."

"Marahaba, mwanangu. Hassani ameniambia ataleta mtu wa vipimo. Wanipima sanda ama bafu?"

"Bafu, mama."

"Basi karibu kiti. Sanda nitaikata mwenyewe."

Alinionyesha bafu lake bila kinyongo. Lilikuwa uani, nyuma ya nyumba, unashuka vipandio vya mawe vilivyoota ukungu wa kijani. Choo kilikuwa cha kuchuchumaa. Kando yake palikuwa na jiwe ambalo kwa miaka yote alikuwa akiweka mguu juu yake ili auoshe wakati wa kutawadha. Hapo ndipo alipoanguka, amesimama kwa mguu mmoja na kata mkononi. Nilipima, nikamwambia ninachofikiria. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Bafu ninalo," alisema. "Alilijenga marehemu mume wangu, na mimi ndiye niliyempa mawe. Hayo ya vyuma nimeyaona hospitali. Kila upande chuma, kama zizi la mbuzi. Wateja wangu waingie humu waone bafu la wagonjwa? Hapana, mwanangu."

Nilirudi siku nyingine na mchoro. Akavaa miwani, akatoa futi yake ya kitambaa shingoni, akapima mistari yangu yote, akanirudishia.

"Umechora vizuri sana. Mjengee mwingine."

Maimuna alileta gilasi mbili za maji ya ukwaju, moja yangu, moja ya mama yake. Bi. Mwanatumu aliisukuma kando na kusema amefunga. Sikustaajabu, wengi hufunga sunna Rajabu. Lakini Maimuna aliponisindikiza mpaka mlangoni alisema, kwa fahari, kwamba mama yake amezidi ucha Mungu tangu aanguke, hufunga karibu kila siku, na akifuturu hunywa funda moja tu akaridhika. Nikasimama. Nikamwambia nimesahau futi yangu ndani, nikarudi peke yangu.

Bi. Mwanatumu alikuwa anataka kutunga uzi kwenye sindano. Aliutia mdomoni kuulowesha kama washonaji wote wanavyofanya, akautoa, ncha imetawanyika vile vile, kavu. Akautia tena. Midomo yake ilikuwa imepasuka. Nikaketi karibu naye.

"Bi. Mwanatumu, wafunga kweli?"

Alishusha sindano. Alinitazama juu ya miwani.

"Kufunga nafunga," alisema. "Nia ndiyo sina hakika nayo."

Kisha akanieleza, taratibu, bila kulia. Akinywa, atakwenda haja. Akienda, lazima ashikwe, kuteremka na kupanda, kuchuchumaa na kuinuka. Maimuna humshika, naye ni mwanamke mwenzake, lakini Maimuna ana mtoto mdogo na ana shughuli zake. Siku aliyoanguka, Maimuna alikuwa sokoni, na Hassani ndiye aliyekuwa amekuja kumjulia hali.

"Mwanangu wa kiume alinitoa chooni," alisema. "Alinifunika kwa leso, alifanya kwa heshima zake zote, Mungu amjaze kheri. Lakini alinitoa. Na huko Mombasa mkewe huenda kazini. Mchana kutwa nitakuwa na nani? Sasa mtu asiyekunywa haendi popote. Nikaona hiyo ni rahisi."

"Si rahisi kwa figo zako, mama."

"Hilo nimeanza kuliona. Kichwa kinaniuma. Usimwambie Hassani."

Niliahidi, kwa sharti kwamba angekunywa maji siku ile ile, si bafu likiisha. Nilikwenda moja kwa moja kwa Mutua. Sikumweleza sababu, nilimwambia tu nahitaji kiti imara cha mbao, chenye mikono, kilichotobolewa katikati, na ndoo yenye kifuniko ya kukaa chini yake. Hakuuliza. Kesho yake alikileta Msambweni kikiwa kimepigwa msasa mpaka kinateleza kama meza ya karamu. Tulikiweka chumbani kwa Bi. Mwanatumu, naye akakishonea pazia siku ile ile, la maua. Nilipoondoka alikuwa ameshamaliza gilasi ya pili, na alikuwa ameshanipa kauli.

"Hilo bafu lako," aliniambia, "nitalitaka kwa jambo moja. Niingie peke yangu, nifunge komeo mwenyewe, nitoke mwenyewe. Kama haliwezi hilo, usinijengee."

Nyinyi wenzangu, nimesoma miongozo mingi ya kazi hii. Sijaona ulioniambia jambo hilo kwa ufupi zaidi.

Palikuwa na pahali pamoja tu pa kufaa, stoo iliyopakana na chumba chake cha kulala, ambamo aliweka majora ya vitambaa. Alitoa majora hayo mwenyewe, moja moja, akitaja kila moja lilikuwa la harusi ya nani. Kisha nikachora kwa chaki kwenye sakafu ya chumba cha cherehani, na yeye akachukua chaki yake ya kushonea akawa ananisahihisha. Nilimpima akiwa ameketi, kutoka sakafuni mpaka nyuma ya goti, maana choo cha kukaa kikiwa kifupi mtu hainuki, na kikiwa kirefu miguu huning'inia. Nilimpima kiwiko.

"Maisha yangu yote mimi ndiye ninayepima watu," alisema. "Sikujua kama hutekenya."

Mutua alikuja kutazama mabomba, akataka choo kiwekwe ukuta wa kaskazini.

"Hapa bomba inatoka moja kwa moja, Madam. Hakuna kona."

"Huku kwetu kibla ni kaskazini, Mutua. Hawezi kukielekea wala kukipa mgongo akiwa chooni."

"Nimekaa Coast miaka mingi, hiyo najua. Ni bomba ndiyo haijui."

Tukakizungusha kikatazama mashariki. Mutua akachimba mtaro wa kuzunguka kona, akinung'unika, na akauchimba vizuri. Bomba la mpira la kujisafishia tuliliweka kuliani, mkono wa kushoto ubaki huru. Kwa kutawadha nilijenga benchi la zege la kuketi, lililofunikwa vigae vyenye kukwaruza, na mfereji wa koki mbele yake chini, usawa wa vifundo vya miguu, ili aoshe miguu bila kuinua hata mmoja. Sakafu ya bafu na ya chumba zilikuwa sawasawa, hakuna kizingiti. Maji yalizuiwa na mteremko tu, na gololi yangu ilikwenda ilikotakiwa.

Vikabaki vyuma. Alivikataa tena. Ni Mutua aliyeuvunja ubishi huo, bila kujua kwamba kulikuwa na ubishi. Alimwona mtoto wa Maimuna, Zuhura, aliyekuwa na umri wa kuanza chekechea, akikiogopa choo kipya kwa kuwa kilikuwa kirefu kwake. Akasema basi tuweke chuma kingine chini, cha kimo cha mtoto, na kipandio cha mbao cha kukanyagia. Bi. Mwanatumu akasikia.

"Kwa hiyo cha chini ni cha Zuhura," alisema, "na cha juu ni cha nani?"

"Cha kila mtu, Mama," alijibu Mutua. "Hata mimi nitashika. Miguu yangu si ya juzi."

"Kama ni cha kila mtu, vitieni. Lakini visiwe vyeupe vya hospitali."

Tukavipaka rangi ya zabibu. Na hapo nikajifunza jambo ambalo sikulijua. Nilikuwa nimependekeza kila kitu kiwe cheupe, kwa usafi. Yeye akakataa kwa sababu ya mshonaji, kwamba uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe macho yake hayauoni tena. Alichagua sakafu ya kijani kibichi na kuta za rangi ya maziwa, na choo cheupe kikaonekana waziwazi juu ya kijani. Tangu hapo sijachora choo cheupe juu ya sakafu nyeupe kwa ajili ya mzee.

Kazi ilimalizika Shaabani, wiki ya mwisho. Hassani alikuja kutoka Mombasa kuona. Sijui kama alikuja kuridhika ama kumchukua mama yake, gari lilikuwa nje na viti vya nyuma vilikuwa vimeachwa wazi. Mutua alining'inia kwenye kila chuma mbele yake. Hassani akavijaribu pia. Kisha Bi. Mwanatumu akauacha mkongojo kitandani, akashika chuma cha mlangoni, akaingia, na sote tukasikia komeo.

Tulisimama chumbani, Hassani, Maimuna, Mutua na mimi, tukitazama pazia la maua kama watu waliokuja kulinunua. Maji yalisikika, yakanyamaza. Yakasikika tena. Muda ukapita. Hassani alisogea mlangoni akainua mkono kubisha, na Maimuna akamshika kiwiko.

"Mwache," alimnong'oneza.

"Na kama ameanguka?"

"Komeo hilo hufunguka kwa nje kwa sarafu," nilimwambia. "Na mlango huja upande wetu. Hakuna kitakachokuzuia. Lakini ngoja kwanza aite."

Alingoja. Nilimwona akihesabu pumzi zake. Kisha komeo likafunguka na mama yake akatoka, uso umelowa, mikono imelowa mpaka viwikoni, miguu imelowa, ameshatawadha. Akatutazama mmoja mmoja.

"Mnafanya nini nyote chumbani kwangu?" aliuliza. "Maji ya chini yana kasi sana, yapunguzeni. Na Maimuna, weka chai. Nyingi."

Hassani aliketi kitandani. Alitazama pembeni, akajifuta macho kwa mkono wa shati lile lililopigwa pasi, kisha akatoka kufunga milango ya gari. Ramadhani ilimkuta mama yake Msambweni, akifunga kwa nia timamu, na kabla ya Idi alishona kanzu nyingi kuliko mwaka uliotangulia.

Wateja wake waliingia mle bafuni, bila shaka. Hakuna aliyesema ni la wagonjwa. Mama mmoja mjamzito aliyekuja kupima dera alikaa humo mpaka watu wakaanza kumwulizia, akatoka akasema ni pahali pa kwanza siku hiyo alipopumzisha mgongo. Yeye na wengine walikuja ofisini kwetu baadaye, na kazi zetu za Msambweni, Shirazi na Bodo zilitoka kwenye chumba kile cha cherehani. Bwana Athumani alistaafu akiwa na furaha, anaishi Gazi, na salamu zake zimezidi kurefuka.

Lililotokea baada ya hapo sikulitarajia. Miaka kadhaa ilipita, kisha Hassani akateleza kwenye ngazi ya lori bandarini akavunjika mguu. Akafungwa plasta mpaka juu ya goti, akarudishwa nyumbani kwake, kwenye lile bafu lake la kisasa lenye kizingiti na beseni la kulalia. Kuliingia kulimshinda. Mkewe na shemeji yake wakawa wanambeba. Alivumilia siku chache tu, kisha akaomba apelekwe kwa mama yake.

Nilikwenda kumpa pole. Nilimkuta barazani, mguu juu ya kigoda, mama yake ndani akishona.

"Bi. Mwanaidi," aliniambia kwa sauti ya chini, "nikuulize jambo. Wakati ule mama alipokuwa hataki kuja kwangu, alikuwa anaogopa kubebwa?"

Kabla sijajibu, cherehani ilisimama.

"Alikuwa anaogopa kubebwa," Bi. Mwanatumu alijibu kutoka ndani. "Na alikuwa hanywi maji, mpaka huyo Mwanaidi akamgundua. Sasa umejua. Kunywa maji yako."

Hassani alicheka mpaka mguu ukamuuma. Kisha akaniomba nikachore bafu la kwake.

Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu ya mwisho kabla ya kustaafu. Tulivuka feri mimi na Mutua, ambaye mvi zimeshamjaa, tukaling'oa lile beseni, tukasawazisha sakafu, tukajenga benchi na mfereji wa chini, vyuma viwili, cha juu na cha chini. Hassani mwenyewe ndiye aliyechagua sakafu, ya kijani kibichi. Nilipomkabidhi funguo aliniuliza kama ingewezekana kumpigia mama yake nikamweleza lilivyo, maana yeye akimweleza, mama hamwamini.

Nilimpigia. Bi. Mwanatumu aliniuliza kuhusu kizingiti, komeo, upande wa kibla na kimo cha choo. Nilimjibu kila moja. Juma lililofuata alifunga cherehani yake kwa kitambaa, akapanda gari la mwanawe, akavuka kwenda Mombasa kwa mara ya kwanza tangu aanguke. Alikaa na wajukuu wake kama mgeni, akawashonea mapazia yote ya nyumba. Hassani alimsihi abaki. Alimwambia nyumba ni nzuri, bafu ni zuri, na wateja wake wanamngoja, kisha akarudi Msambweni siku aliyoitaka mwenyewe.